Simu inayonisomea meseji: maoni ya fundi samani wa Keko, Dar es Salaam

Kitu ninachokitolea maoni hapa huenda kimo mfukoni mwako na hujawahi kukigusa. Simu nyingi za siku hizi zina sauti ya kukusomea maandishi, na zina maikrofoni inayogeuza maneno yako kuwa maandishi. Vyote viwili vinajua Kiswahili na havilipiwi. Mimi navitumia tangu nafungua karakana asubuhi mpaka nafunga, na si kwamba sioni. Ufa mwembamba kama unywele kwenye ubao wa mninga nauona nikiwa nimesimama. Nina disleksia. Ubongo wangu unachelewa kuunganisha herufi na sauti yake, basi.

Nieleze kidogo, maana wengi wakisikia hivyo wanadhani sikusoma. Nimesoma. Darasa la kwanza nilikwama kwenye baba na dada. Herufi b na d ni umbo moja limegeuzwa, na ubaya wa Kiswahili ni kwamba ukiligeuza hupati neno la ajabu likakushtua. Unampata dada palipokuwa na baba, na hadithi inaendelea. Darasa likicheka, mwalimu anadhani nimekusudia. Bibi akanipeleka kupimwa macho, macho yakakutwa mazima. Simlaumu bibi. Hata aliyeipa hali hii jina mwaka 1887, Mjerumani Rudolf Berlin, alikuwa daktari wa macho.

Kwa upande mwingine Kiswahili kina huruma. Herufi inasomwa vilevile popote ilipo, kwa hiyo nilimaliza la saba nikisoma taratibu, lakini nikisoma. Maneno marefu ndiyo yaliyonitoa jasho. Neno kama "hawatatusumbua", nikifika katikati mwanzo wake umeshaniponyoka. Kilichonimaliza ni kidato cha kwanza, pale masomo yote isipokuwa Kiswahili yalipogeuka Kiingereza. Niambie, "though" na "tough" na "through" mtu anazisomaje kama kila moja imekuja na sheria zake? Nilifanya mtihani wa kidato cha pili, nikaenda kwa mjomba Keko kushika randa.

Miaka mingi baadaye simu ndiyo iliyonisomea kwamba sikuwa peke yangu. Mwaka 2001 kundi la watafiti akiwemo Mwitaliano Eraldo Paulesu lililinganisha watu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Ndani ya ubongo tatizo lilionekana ni lilelile. Ila Waitaliano walisoma vizuri zaidi ya wenzao, kwa sababu lugha yao inaandikwa inavyotamkwa. Nilisimamisha kazi nikaisikiliza tena sehemu ile.

Jina la hali yangu nililipata kwa mteja, mwalimu wa elimu maalum aliyesomea chuo cha ualimu cha Patandi kule Arusha. Alikuja kuagiza kabati la vitabu, akaliona daftari langu la oda: michoro mitupu na vipimo, neno hata moja hakuna. Akaniuliza habari za shule, kisha akauliza, "Fundi, na nyumbani kwenu yupo mwingine wa hivi?" Nikamwambia, "Marehemu baba, mwalimu. Gazeti alilishika vizuri sana, ila hakuwahi kufunua ukurasa." Akacheka, akasema hali hii hutembea ndani ya ukoo. Kabla hajaondoka aliichukua simu yangu, akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu (Accessibility), akawasha kitufe kidogo pembeni ya kioo. Ukikigusa, kisha ukagusa maandishi, simu inasoma.

Sasa tuje kwenye yenyewe. Sauti ni ya mwanamke, inatamka vizuri, ina ubaridi kidogo kama wa mtangazaji wa taarifa ya habari. Kasi unapanga mwenyewe. Mimi niliipunguza mwanzoni, sasa nimeiongeza mpaka kijana wangu wa karakana anasema haelewi kinachosemwa. Kizuri zaidi ni kwamba neno linalosomwa linawekewa rangi palepale kwenye kioo, kwa hiyo jicho linafuata sikio. Hilo limenisaidia kuliko nilivyotegemea. Yapo maneno ambayo sasa nayatambua kwa sura kabla sauti haijayafikia. Pakua sauti ya Kiswahili mara moja ukiwa na bando, na baada ya hapo inasoma hata mtandao ukikatika.

Lakini sikuipenda kwa sababu ya rangi wala kasi. Nimeipenda kwa sababu ya siri. Mtu anayesoma bila shida hajui maana ya meseji zako zote kupita mdomoni mwa mtu mwingine. Mteja ananidai kabati, kijana wangu ndiye anayejua kwanza. Mke wangu ameandika jambo la nyumbani, nampa simu fundi wa meza ya jirani anisomee, naye anasoma kwa sauti ya mnada. Nilikuwa nawaambia watu "nipigie tu, siko karibu na simu", na wengine wakaniona nina dharau. Sasa naweka spika moja sikioni, napiga msasa, nasomewa mambo yangu mwenyewe. Nimegombana na mtu kwa maandishi na nikapatana naye, na Keko nzima haijui. Angalizo: usisahau spika za masikioni ukipanda daladala. Bila hizo abiria wote watajua deni lako ni kiasi gani.

Inapochemka, inachemka kweli. Haijui tunavyoandikiana. Mtu akiniandikia "cjui km w2 watafika, 2onane kxho", binadamu anaelewa: sijui kama watu watafika, tuonane kesho. Simu yangu inasoma "w mbili" na "mbili onane", na hiyo "cjui" inaitamka kama mtu aliyepaliwa. Wateja vijana ndio wanaonitesa hapa. Nimeweka kwenye hadhi yangu ya WhatsApp kwamba oda ziandikwe kirefu au zitumwe kwa sauti, na wengi wamekubali. Halafu kuna ng'. Watu wengi hawaweki kile kialama cha juu, basi ng'ombe anasomwa kwa "ng" ya ngoma. Hilo nimelizoea.

Namba ndizo nazishushia alama kabisa. Vipimo vya kitanda tunaandika 5x6, yeye anaweka "eks" katikati, sawa, naelewa. Ila kontrol namba ya kulipia serikalini ina tarakimu 12, na simu inaisoma kama kiasi cha fedha: bilioni mia tisa na tisini na kadhaa, milioni sijui ngapi. Nani anaweza kuandika kitu kutoka hapo? Na tarakimu zikipangana hivyo, kwangu 6 na 9 zinabadilishana viti. Dawa niliyoipata ni kumwomba anayenitumia aache nafasi kila baada ya tarakimu tatu, kisha nanakili na kubandika bila kuandika mwenyewe, na kabla ya kuweka namba ya siri nasikiliza jina la anayelipwa. Ukiwa na shida ya namba peke yake, huduma hii haitakutosha.

Kamera ni nzuri kuliko nilivyodhani. Unaelekeza simu kwenye karatasi iliyochapwa, inayanyakua maandishi na kuyasoma. Mwandiko wa mkono haiuwezi, walau si mwandiko wa watu ninaofanya nao kazi. Niliitumia kwenye mkataba wa pango la karakana. Ilisoma kila kitu, hadi mistari ya kuweka sahihi, "nukta nukta nukta nukta" mpaka nikataka kuizima. Ila kati ya nukta hizo kulikuwa na kifungu kwamba paa likivuja ni juu ya mpangaji. Mikataba ya nyuma nilikuwa naambiwa "weka sahihi hapa fundi, ni ile ile". Safari hii nilirudi kwa mwenye jengo na hoja mkononi, tukakubaliana mabati ni yake na misumari ni yangu. Kwangu mimi kifungu kile peke yake kimelipia simu.

Upande wa kuandika kwa sauti nauchukulia kwa tahadhari. Unasema, maneno yanatokea, na kwa mazungumzo ya kawaida hayakosei sana. Maoni haya yenyewe nimeyasema mdomoni, mpwa wangu akaweka mikato na aya, maana maikrofoni yangu haina habari na mkato. Tatizo ni maneno ya kazi. Nilimtumia mama mmoja wa Mbezi bei ya kitanda cha mninga, yeye akapokea bei ya "kitanda cha mjinga, tano kwa sita, na godoro la kwake". Bahati nzuri alikuwa mcheshi, akajibu kwamba mjinga mwenyewe yupo ila kitanda hana. Mvule inaupata, mkongo wakati mwingine, patasi haipati kabisa. Mashine ya randa ikiwa inanguruma jirani usijisumbue, toka nje. Na kabla ya kutuma, isomeshe ile sauti ya kwanza ulichokiandika. Hapo vitu hivi viwili vinasaidiana kweli: kimoja kinaandika, kingine kinakagua.

Kuna wanaouliza kama wasinunue zile karatasi za plastiki za rangi za kufunika ukurasa, au miwani ya rangi. Niliuziwa zile za njano. Ukurasa ukawa wa njano. Mwaka 2009 madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko la pamoja kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa vitu hivyo vinatibu matatizo ya kusoma. Kama hela ipo, nunua spika nzuri za masikioni.

Na lipo hili la vipaji. Nikisema nina disleksia, anayejua kidogo ananipongeza: ah, ninyi mnaona vitu kwa ndani, ndiyo maana samani zako nzuri. Mungu hakunyimi vyote, wanasema. Nashukuru, lakini siafiki sana. Ni kweli nikiingia chumbani kwako mara moja naweza kukuchorea wiki ijayo dirisha lilipo na swichi iko upande gani. Kweli pia oda ndefu naishika kichwani kwa kuisikia mara moja, na simulizi ya mteja kuhusu kabati la bibi yake naibadilisha kuwa michoro wakati bado anaongea. Ila Keko kuna mafundi wanaomaliza gazeti zima kabla ya chai, na milango ya makabati yao inafunga kuliko yangu. Wenye disleksia wapo wazuri na wapo ambao droo zao zinakwama. Masikio yangu yamekuwa makali kwa sababu niliyategemea miaka yote. Hiyo naiita mazoezi. Na siku yenye kusoma kwingi inanichosha mpaka jioni siwezi kuhesabu chenji, hilo la vipaji halielezi.

Binti yangu yuko darasa la pili na ameanza kugeuza b na d. Wakubwa wengine wa nyumbani wanataka nimpe simu imsomee, yaishe. Nilimpigia yule mwalimu. Alinijibu kwamba watoto wengi hugeuza herufi umri huo bila kuwa na disleksia, kwa hiyo nisimpe jina mapema. Ila kwa kuwa ipo kwenye ukoo, nisingoje aanguke. Anachohitaji ni mtu wa kumfundisha herufi na sauti zake kwa mpangilio, kidogo kidogo, kila siku, kwa kusikia na kugusa na kuandika. Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umeegemea KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo msingi upo, ila darasa lenye watoto wengi mwalimu hawezi kumrudia mmoja. Basi nimemchongea herufi za mbao za mkongo, kubwa kama kiganja. b tumeipaka nyekundu, d buluu. Simu anaruhusiwa kwa hadithi za jioni tu, na lazima afuate rangi kwa kidole.

Alama zangu: sauti ya kusoma, nne kati ya tano, na ile moja inarudi siku itakapojua kontrol namba si pesa. Kamera, nne. Kuandika kwa sauti, mbili na nusu kwa fundi seremala, labda tatu kwa mwenye kazi isiyo na mninga. Ukitaka kujaribu, iwashe ukiwa peke yako na uanze na meseji za mtu anayeandika vizuri. Mimi nilianza na za mama mkwe. Anaandika neno zima, anaweka nukta, na ng' yake ina kialama.