Viwanja vya gofu Ufaransa: nyasi safi, toroli bovu, mapokezi ya aibu

Ukikodi toroli la umeme la kubebea mfuko wa fimbo kwenye klabu yoyote ya pwani ya kaskazini ya Ufaransa, lijaribu kabla hujatoa senti. Nasema kwa hasira na sioni haya. Walilonipa mimi lilikata roho shimo la 12, mbali kabisa na jengo la klabu, upepo wa bahari usoni na mfuko umelowa chapachapa. Kulisukuma haiwezekani. Kufika kaunta, dada wa mapokezi hakuinua hata macho. Akauliza kama kwetu tumezoea kubebewa mifuko, maana hapa hakuna makedi, yaani wabeba mifuko. Kisha akanidai kodi ya mashimo 18 kamili. Jina la klabu silitaji, lakini jibu lile sijalimeza mpaka leo.

Toroli lile halikufa kwa bahati mbaya. Betri nyingi za kukodisha bado ni za risasi na asidi, za volti 12. Ikiwa imejaa na imetulia, betri hiyo husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 usitoke nayo. Toroli la mchezaji wa asubuhi hurudi saa saba, linachomekwa saa moja au mbili, halafu linakabidhiwa mteja wa saa tisa. Muda huo hautoshi hata kidogo, kwani betri ya namna hiyo hutaka kulala kwenye chaji usiku kucha. Na ikiachwa nusu tupu mara kwa mara, mabamba yake ya risasi hujenga ukoko wa salfeti. Tangu hapo taa ya kijani itawaka upesi na kukudanganya mchana kweupe. Ongeza baridi, ongeza vilima vya mchanga, na magurudumu yanayozama: atakayebeba mzigo ni wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba toroli lililolala kwenye chaji, si lililorudi sasa hivi. Pakia mfuko wote, lipandishe mwinuko wa karibu kwa kasi ya juu, na uangalie taa. Ikishuka kutoka kijani kwenda njano likiwa linapanda, rudisha hapohapo. Kisha kagua magurudumu. Matoroli mengi ya umeme yana mifuo miwili kwenye ekseli: wa ndani huunganisha gurudumu na mota, wa nje huliacha lizunguke huru. Unabonyeza kitufe kwenye kitovu cha gurudumu, unalivuta nje mpaka lilie "tak". La kwangu lilikuwa limegandishwa na chumvi na mchanga, halikutoka, ndiyo maana kila hatua nilikuwa naburuta mota na gia zake. Tone la mafuta na kitambaa vingemaliza kazi. Klabu inayotoza ada kama ile haina tone la mafuta?

Hasira zangu ni za kaunta, si za nyasi. Nilitaka kutoa nyota moja, lakini viwanja vya ukanda ule vinanizuia mkono. Ukitoka Calais unashika barabara ya A16 kuelekea kusini, na Wimereux, Hardelot na Le Touquet zinafuatana njia ileile. Le Touquet ndiko kwenye La Mer, uwanja uliobuniwa na Harry Colt mwaka 1931, uliochakazwa na vita vya pili na baadaye baadhi ya mashimo ya Colt yakarudishwa kwenye matuta yake ya mchanga. Hardelot wana Les Pins, kazi ya mbunifu Tom Simpson ndani ya misonobari, ambako upepo hupungua. Siku ya dhoruba chezea huko, La Mer iachie kesho yake.

Anayetoka Nairobi ajiandae kwa jambo ambalo hakuna mapokezi watakaomwambia. Kule nyumbani, kwenye mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, hewa nyepesi humwongezea mpira karibu asilimia kumi. Pwani ya Ufaransa zawadi hiyo haipo. Ayani ya 7 (fimbo ya chuma) inayokupeleka mita 150 Muthaiga au Karen itaishia 135 hivi, tena kabla hujahesabu upepo na baridi. Chukua fimbo moja kubwa zaidi, na upepo ukiwa usoni chukua mbili au tatu, upige polepole. Kupiga kwa nguvu kunaongeza mzunguko, mpira unapanda na upepo unaurudisha. Halafu kuna nyasi. Nyasi za kikuyu za kwetu huubeba mpira juu na huudaka ukitua. Nyasi za pwani ile ni nyembamba, ardhi ngumu, mpira umelala chini. Wedji (fimbo ya mikwaju mifupi) yenye tumbo kubwa chini hugonga ardhi na kuruka, ikaukata mpira katikati. Ukiwa mita 30 kutoka grini, zile nyasi fupi zenye shimo, tumia ayani ya 7 au ya 8 na uutambaze. Mchezo huo kwenye kikuyu haufanyi kazi, kwa hiyo ufanyie mazoezi kabla ya shimo la kwanza.

Kwa Paris, mgeni asiyejuana na mtu aanzie Le Golf National, pale Guyancourt karibu na Versailles. Ni mali ya shirikisho la gofu la Ufaransa, na ukilipa unacheza. Uwanja wake wa Albatros ndio wa Ryder Cup (Ulaya dhidi ya Marekani) ya 2018 na Olimpiki ya 2024. Okoa mipira kwa mashimo manne ya mwisho, kwani maji yapo mpaka mlangoni. Shimo la 16, la mikwaju mitatu, ndipo Mmarekani Phil Mickelson alipotia mpira majini na Francesco Molinari akaihakikishia Ulaya kombe. Lenga upande wa kushoto wa grini, hata kama bendera inakuita kulia.

Lakini mkinibana nichague mmoja, nitasema Chantilly, uwanja wa Vineuil, kaskazini ya Paris. Nick Faldo alishinda Open ya Ufaransa pale 1988 na 1989. Mabunka yake, yale mashimo ya mchanga, ni marefu kwenda chini kiasi kwamba mara nyingine njia ya busara ni kutoka kwa kurudi nyuma. Fontainebleau nao ni mtamu, miamba na mchanga katikati ya msitu, na kwa kuwa mchanga hunywa maji upesi unachezeka hata baada ya mvua. Morfontaine usipoteze petroli: bila mwanachama kukualika, lango halifunguki.

Étretat uko juu ya majabali meupe ya Normandy, na mandhari yake yanaweza kukusahaulisha kuhesabu mikwaju. Ukienda kwa A13 kutoka Paris, vibanda vya kulipia barabara vimeondolewa. Kamera husoma namba ya gari, nawe una saa 72 za kulipa mtandaoni. Gari likiwa la kukodi na ukachelewa, faini itakufuata mpaka kwenye kadi yako.

Chapisha kwenye karatasi cheti chako cha handikapu, namba ya kiwango chako cha mchezo. Tangu 2020 mfumo ni mmoja wa dunia, lakini mapokezi mengi, yale ya kiburi hasa, yanaamini karatasi kuliko simu. Vipimo ni mita: 150 yao ni yadi 164. Piga simu kabla, maana klabu kadhaa za wanachama huwa na siku wasiyopokea wageni, na wikendi hupewa wao kwanza.

Siku ile nilisema sitakanyaga tena ile klabu ya pwani. Naona ulimi unalegea, kwa sababu mashimo sita ya mwisho niliyapita nikiburuta chuma badala ya kuyacheza, na kwa macho yalikuwa bora kuliko yote. Nitarudi, ila kaunta yao ya matoroli haitaniona. Nitabeba mfuko mwepesi wenye miguu, fimbo tisa: dereva, mbao ya 5, ayani za 4, 6, 7 na 8, wedji mbili na pata ya kusukumia mpira shimoni. Mwavuli ubaki garini, upepo wa pale huugeuza nje ndani kabla hujafika tii, mwanzo wa shimo la pili.