Elden Ring kwa anayeanza: mtindo upi wa kupigana uununue kwanza, na upi uuache rafuni

Katika Elden Ring panga nyingi kali hazina bei. Zimelala sandukuni au ziko mikononi mwa bosi, na ukimshinda ni zako. Kinachogharimu ni levo za kukuwezesha kuzishika na mawe ya kuzinoa, na hivyo viwili vinakula runi zako zote (runi ndiyo pesa ya gemu, unaipata kwa kuua maadui). Ndiyo maana hapa hatujapanga silaha kwa ukali. Tumepanga mitindo ya kupigana kwa gharama yake halisi: levo ngapi mpaka silaha ianze kufanya kazi, mawe mangapi, na ukikosea hatua moja unaadhibiwa kiasi gani. Mpangilio ni wa mtu anayecheza mara ya kwanza, peke yake, kwenye gemu ya mwaka 2022 bila nyongeza ya Shadow of the Erdtree. Gemu haina Kiswahili, kwa hiyo majina tumeyaandika kama utakavyoyaona kwenye skrini.

Manunuzi yasiyokwepeka

Uchague mtindo wowote, Vigor, sifa inayoongeza uhai, ndiyo inayolipiwa kwanza. Ukiwa na Vigor 25 una uhai wa 800. Ukifika 40 ni 1,450, na 60 ni 1,900. Ukiendelea mpaka 99, mwisho wa hesabu, unaishia 2,100 tu. Piga hesabu uone faida ilipo: kati ya 25 na 40 kila levo inakuongezea uhai wa 43 hivi, lakini kuanzia 60 kwenda juu levo 39 zinaleta 200 kwa jumla. Lenga 20 kabla ya kumvaa Margit, bosi mkubwa wa kwanza, 40 unapoingia mji mkuu wa Leyndell, 60 kuelekea mwisho. Wengi wanaolalamika kwamba silaha yao ni butu wanakufa kwa pigo moja au mawili na Vigor yao bado iko 14. Hapo upanga hauna kosa.

Cha pili ni mawe. Silaha ya kawaida inapanda hadi +25. Kila daraja la Smithing Stone linadai mawe 2, kisha 4, kisha 6, yaani mawe 12 kwa kila ngazi tatu. Meza ndogo ya Church of Elleh inakufikisha +3 na kuishia hapo. Ukitaka zaidi ni kwa Hewg, mhunzi wa Roundtable Hold. Silaha za pekee zinatumia Somber Smithing Stone, jiwe moja tu kwa kila ngazi, na zinaishia +10. Kwa maneno mengine +10 ya Somber inasimama sawa na +25 ya kawaida, na bei yake kwa mawe ni nafuu mno. Ubaya ni kwamba silaha ya Somber huwezi kuibadilishia Ash of War (pigo maalumu la silaha) wala kuielekeza kwenye Strength (nguvu) au Dexterity (wepesi). Inabaki ilivyozaliwa.

Mawe ya mwanzo yapo Limgrave Tunnels, mgodi wa Limgrave, eneo unaloanzia, yamepachikwa ukutani. Usiyagawanye. Silaha moja ya +3 ina maana kuliko tatu za +1.

Cha tatu ni uzito. Mzigo ukiwa chini ya asilimia 30 unabingiria kwa wepesi, chini ya 70 unabingiria kawaida, na ukivuka 70 unaanguka kama gunia. Fungua ukurasa wa vifaa usome neno linaloonyeshwa: Med. Load inatosha, Heavy Load ni kujitakia kifo. Deraya nzito haitakulinda kama huwezi kukwepa.

Unapoulizwa kumbukumbu ya kuanzia nayo, chukua Golden Seed. Inakupa chupa moja ya kujitibu zaidi tangu mwanzo.

1. Upanga mkubwa wa mikono miwili

Anza na Vagabond, mmoja wa wahusika unaochagua mwanzoni: Vigor 15, Strength 14, Dexterity 13. Hakuna mwingine anayekuja na Vigor ya namna hiyo, na Halberd yake inatosha kukuvusha saa za kwanza.

Kisha shuka kusini, Weeping Peninsula, umtafute mfanyabiashara wa kwenye kibanda upande wa magharibi. Anauza Zweihander kwa runi 3,500. Silaha inadai Strength 19 na Dexterity 11, lakini ukiishika kwa mikono miwili Strength yako inahesabiwa mara moja na nusu. Vagabond mwenye 14 anahesabiwa 21, kwa hiyo anaitumia siku hiyohiyo bila kuongeza levo hata moja. Kuishika hivyo, PlayStation ni pembetatu pamoja na R1, Xbox ni Y pamoja na RB. Ukisahau kuishika hivyo, utapunga chuma kizito kisichoumiza mtu, na hapo ndipo watu wanapoitupa wakidhani wameuziwa mbovu.

Runi za kuilipia si shida. Majitu yanayozurura Stormgate yanatoa runi 1,000 kila moja; panda Torrent, farasi wako, piga miguu, kimbia, rudi. Ukizipata, nenda moja kwa moja dukani. Ukifa runi zote zinabaki pale ulipoangukia, na ukifa tena kabla ya kuziokota zimekwenda.

Mfanyabiashara huyohuyo ana Lantern kwa 1,800. Inunue. Mapango ni giza totoro na mwenge unakula mkono mmoja, yaani unakunyima mikono miwili ambayo mtindo wako wote umejengwa juu yake. Taa inaning'inia kiunoni.

Zweihander ina uzito wa 15.5, na Vagabond amevaa chuma kutoka kichwani mpaka miguuni, kwa hiyo karibu hakika utavuka 70. Ondoa kwanza silaha usizozitumia, kisha punguza deraya, na mwisho ndipo ununue Endurance. Levo ya Endurance si hasara, maana inaongeza pia pumzi, na upanga huu unakula pumzi nyingi.

Makosa ya mtindo huu yanajulikana. La kwanza ni tamaa ya pigo la pili. Upanga unachelewa kurudi, na bosi hakusubiri. Ruka, piga moja zito kutoka juu, ondoka. Mapigo mazito ya kuruka yanamvunja adui msimamo. Akipiga magoti, mkaribie kwa mbele ubonyeze pigo la kawaida, utamchoma pigo moja linalomaliza sehemu kubwa ya uhai wake. La pili ni vichochoro: ukipunga kwa upana ndani ya pango, chuma kinagonga ukuta na kurudi. Vuta adui hadi ukumbini.

Baadaye ndani ya Stormveil Castle utakuta Iron Whetblade, nyuma ya ukungu unaofunguliwa na Stonesword Key moja. Nayo unaweza kuifanya silaha iwe Heavy, na kuanzia hapo pointi za mapigo zinaingia Strength peke yake. Simama kwenye 54. Mikono miwili inaifanya 81, na zaidi ya 80 faida inakuwa kiduchu.

Asiyependa uzito wote huo ana ndugu wa karibu: Bloodhound's Fang, ya Darriwil wa Forlorn Hound Evergaol, kusini mwa Limgrave. Inadai Strength 18 na Dexterity 17. Vagabond akiishika kwa mikono miwili Strength tayari anayo, anakosa pointi nne tu za Dexterity. Ni ya Somber, inamtoa adui damu, na wapo wanaomaliza gemu nzima wakiwa nayo bila kuhitaji nyingine. Kilichoiweka nyuma ya Zweihander ni kwamba Darriwil ana kasi, na mgeni anamkuta kabla hajajua kukwepa.

2. Mchawi wa fimbo

Huu ndio mtindo wenye faida ya haraka kuliko yote, na ungeshika namba moja kama usingekuwa mwembamba kama karatasi. Astrologer, mhusika mchawi, anaanza na Intelligence (sifa ya uchawi) 16 na Vigor 9. Hiyo tisa ndiyo bei yake.

Manunuzi yake ni levo mbili. Ukifika Intelligence 18 unaweza kutumia Meteorite Staff pamoja na uchawi wa Rock Sling, vyote viwili viko Street of Sages Ruins, ndani ya kinamasi cha Aeonia, Caelid. Fimbo inaning'inia kwenye maiti ndani ya gofu. Rock Sling imo sandukuni, chumba cha chini ya ardhi. Fika ukiwa juu ya Torrent na usitembee kwa miguu ndani ya yale maji, yanajaza Scarlet Rot, uozo unaokula uhai wako polepole. Ukitaka njia ya mkato, sanduku la chini ya Dragon-Burnt Ruins huko Limgrave ni mtego unaokurusha hadi mgodi wa Sellia, na kutoka hapo kinamasi hakiko mbali. Wageni wanalilaani sanduku lile, mchawi analishukuru.

Fimbo hii ina daraja la S kwa Intelligence tangu dakika ya kwanza, na haipandishwi ngazi. Kwa hiyo mwanzoni hulipi jiwe hata moja. Inaongeza pia asilimia 30 kwenye uchawi wa uvutano, na Rock Sling ni mmoja wao. Mawe yake yanaumiza kama rungu, si kama uchawi, kwa hiyo hata bosi Rennala, ambaye uchawi wa kawaida haumtishi, anayasikia.

Yanapoharibika: mawe yanapanda kwanza kisha yanashuka, na chini ya dari fupi yanaishia darini. Kwenye vyumba vidogo rudi kwenye Glintstone Pebble, ambayo ni rahisi kwa FP, nishati ya uchawi. Maadui wepesi wanakwepa wakiona mkono wako unainuka, basi subiri wawe katikati ya pigo lao. Chupa zigawe ukiwa Grace, kituo cha kupumzika, kati ya nyekundu za uhai na za FP; mchawi aliyebeba nyekundu tupu anamaliza FP nusu ya pambano na kubaki na kisu. Uchawi mwingine unauzwa na Sellen, chini ya Waypoint Ruins. Lenga Intelligence 60, kisha 80, lakini usiiguse 40 kabla Vigor haijafika 25. Wakati huo huo anza kunoa fimbo nyingine, maana Meteorite Staff haikui na wewe.

3. Samurai wa Uchigatana mbili

Samurai ana Dexterity 15, upanga wa Uchigatana unaotoa damu, na upinde mrefu. Upinde peke yake ni sababu nzuri: unamvuta adui mmoja kutoka kundini badala ya kuvamiwa na wote.

Uchigatana ya pili ni bure, iko Deathtouched Catacombs, Limgrave. Ukishika moja kila mkono, kitufe cha mkono wa kushoto kinapiga kwa zote mbili na damu inajaa upesi. Ikijaa, adui anapoteza sehemu ya asilimia ya uhai wake wote, ndiyo maana mabosi wakubwa wanaanguka haraka kwa mtindo huu.

Lakini panga mbili ni mawe mara mbili: kufika +3 unalipa 24 badala ya 12, na ukinoa mmoja tu umepoteza maana. Huna ngao tena. Pia si kila adui ana damu. Mifupa ya kwenye hayo makaburi haitoki damu na inaamka tena usipoipiga ikiwa chini, Crystalian, viumbe wa kioo, hawatoki, na Elden Beast, bosi wa mwisho, naye hatoki. Kwa mgeni tunashauri upanga mmoja kwa mikono miwili mpaka Stormveil iishe.

4. Imani

Confessor au Prophet. Ni mtindo mtamu unaochelewa. Blasphemous Blade ni miongoni mwa silaha zinazosamehe zaidi katika gemu, moto wake unakurudishia uhai, lakini inatoka kwa Rykard wa Volcano Manor na inadai Strength 22, Dexterity 15 na Faith 21. Mpaka huko, unapigana kwa upanga wa kawaida huku ukilipia Faith isiyokuzalishia sana. Njiani pitia Fort Gael uchukue Flame, Grant Me Strength. Faith 15 inatosha na inaongeza nguvu ya mapigo.

5. Arcane

Arcane ni sifa inayozidisha damu. Bandit anaweza kutumia Reduvia papo hapo, maana inadai Strength 5, Dexterity 13 na Arcane 13. Inatoka kwa Nerijus, anayekuvamia karibu na Murkwater. Ni kisu kifupi, na ufupi huo unakuleta mdomoni mwa bosi. Wanaoisifia Arcane mara nyingi wanaisifia Rivers of Blood, na hiyo iko Mountaintops of the Giants, karibu na mwisho. Mgeni akiinunulia levo tangu Limgrave, analipia bidhaa itakayofika gemu ikikaribia kwisha.

Wa kuacha rafuni

Wretch, mwenye 10 kila mahali na rungu mkononi, ni wa mtu aliyekwisha maliza gemu. Mchanganyiko wa "kidogo uchawi, kidogo imani, kidogo nguvu" nao uache: pigo lililogawanywa aina mbili linapunguzwa na kinga ya adui mara mbili, kila aina kivyake, na levo zako zinatawanyika. Radagon's Soreseal ya Fort Faroth inavutia kwa pointi tano kwenye Vigor, Endurance, Strength na Dexterity, ila inaongeza maumivu unayopata kwa asilimia 15. Itumie mwanzoni kufikia mahitaji ya silaha, kisha ivue.

Ukishajuta, Rennala wa Raya Lucaria akishashindwa anakupangia levo zako upya kwa Larval Tear moja kila mara. Machozi hayo yana idadi yake. Levo hazipotei, ila huwezi kushusha pointi chini ya zile ulizoanza nazo, na mawe uliyotia kwenye silaha ya zamani hayarudi.