Banda la mpira la Ng'ong'ona, msimu ukiwa bado mchanga

Banda ninalolizungumzia halina kibao mlangoni, na mwenyewe hapendi litangazwe kwa jina, kwa hiyo nitalitambulisha kwa mahali lilipo: upande wa Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mabweni ya wanafunzi. Kwa sura ni kibanda umiza, yaani banda la kulipia kutazama mpira kwenye runinga, kama vingine vyote nchini. Juu kuna mabati, pembeni mabanzi, ndani mabenchi ya mbao, runinga mbili ukutani na king'amuzi kilichofungiwa katika kisanduku cha waya kana kwamba ni kuku wa kienyeji. Nimekuwa mteja wa pale tangu Agosti 2023, na nimeona niandike kwa sababu wengi wetu tulioletwa Dodoma na ofisi za serikali huulizana, kila ligi inapokaribia kuanza, ni wapi mtu mzima anaweza kutazama mpira pamoja na vijana wa chuo, akataniwa na akatania, kisha akarudi nyumbani na heshima yake.

Niseme mapema kwamba mimi ni Simba, ili msomaji azipime sifa na lawama zangu kwa kipimo hicho.

Kiingilio ni Sh 500 kwa mechi ya kawaida na Sh 1,000 kwa mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga. Kinacholitofautisha banda hili na mengine niliyowahi kuingia huanzia pale pale mlangoni, ambapo kijana anayepokea fedha humuuliza kila mtu swali moja tu, "Msimbazi au Jangwani?", kisha humgonga muhuri mgongoni mwa kiganja, mwekundu kwa Simba na wa kijani kwa Yanga. Wekundu hukaa kushoto na kijani hukaa kulia. Katikati limewekwa benchi moja refu linaloitwa benchi la wageni, ambalo ni la mashabiki wa Dodoma Jiji, la wachumba waliotofautiana timu, na la wale ambao hawataki kujitaja. Mama mwenye banda mwenyewe hukaa hapo. Siku za watani huvaa jezi ya Dodoma Jiji, na mwanafunzi akimbana aseme moyo wake uko wapi, humjibu, "Mwanangu, mimi ni Mgogo, timu yangu inacheza Jamhuri," na mjadala hufungwa hapo.

Huenda mtu akadhani kuwatenganisha mashabiki namna hiyo kunachochea uhasama, na hata mimi nilidhani hivyo siku ya kwanza. Nilichokiona baadaye ni kwamba mpangilio huo ndio unaowapa watu uhuru wa kutaniana, kwa sababu kejeli hutoka benchi kwenda benchi na haimlengi mtu mmoja aliyebanwa katikati ya wapinzani. Upande wa kijani ukiimba "makolo", upande mzima unapokea. Upande mwekundu ukijibu "utopolo", hakuna anayelazimika kuibeba kejeli hiyo peke yake. Nyuma ya mlango imebandikwa manila yenye maneno yaliyoandikwa kwa kalamu nene: utani ruksa, matusi marufuku, mzazi wa mtu hatajwi. Nimeshuhudia kijana mmoja akitolewa nje kwa kuvunja sharti hilo la tatu, na waliomsindikiza hadi mlangoni walikuwa wenzake wa upande wake.

Juu ya utani huo wa Simba na Yanga, ambao asili yake ni Kariakoo na umri wake ni karibu miaka 90, kwa kuwa Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, wanafunzi wameongeza utani wao wa vyuo. Huu ndio unaonivutia zaidi. Dodoma ina vyuo vingi kwa mji wa ukubwa wake, na Jumamosi ya mwanzo wa msimu unaweza kuwakuta katika banda moja vijana wa UDOM, wa Mipango (chuo cha mipango ya maendeleo vijijini), wa CBE (chuo cha biashara) na wa Chuo Kikuu cha St. John's. Timu ya wale wa Mipango ikipoteza nafasi ya wazi, huambiwa kwamba hiyo ndiyo desturi yao, wanapanga vizuri lakini utekelezaji unasubiri bajeti ijayo. Wale wa CBE huulizwa kama pointi wanazojisifia zimeshalipwa au bado ni mkopo. Wenyeji wa UDOM nao, ambao ndaki zao zimetawanyika vilimani, huambiwa kwamba straika wao amechoka kwa kutembea kutoka ndaki ya Elimu hadi uwanjani. Hapo utamwona kijana mwekundu wa Mipango akiungana na kijana wa kijani wa Mipango kuwajibu wenyeji, na kwa dakika mbili nzima timu zinasahauliwa.

Yote hayo hunoga msimu ukiwa mchanga. Mwezi wa Agosti kila usajili mpya ni bora kuliko wa mwenzako, kila timu inaongoza ligi kwa hesabu ya herufi, na hakuna aliye na kidonda cha kutoneshwa. Hali ya hewa nayo inasaidia, kwa kuwa Dodoma mvua hungoja hadi mwisho wa mwaka, na katika miezi hiyo ya mwanzo mabati yanakuwa kimya, mtangazaji anasikika, na kero pekee ni upepo unaoingiza vumbi jekundu katika glasi za soda. Mvua zikishaanza, dakika 15 za kishindo juu ya bati zinatosha kulifanya banda zima litazame mpira kama sinema ya mabubu.

Sasa nieleze kuhusu daftari, kwa sababu sijaona huduma kama hii mahali pengine. Mama hairuhusu kamari ya fedha ndani ya banda lake. Anayetaka kuwekeana ahadi na mtani wake huiandikisha katika daftari la mistari linalokaa chini ya kaunta, na malipo hufanywa kwa vitu vinavyoliwa pale pale: supu, mishikaki, au zabibu, ambazo Agosti na Septemba hupatikana kwa wingi kutokana na mavuno ya kiangazi. Kwa kawaida bao moja ni kichala kimoja. Utaratibu huo uliingia majaribuni tarehe 13 Agosti 2023, siku ya fainali ya Ngao ya Jamii, kombe la kufungulia msimu, iliyochezwa Mkwakwani, Tanga, ambapo Simba na Yanga zilitoka sare ya bila kufungana na Simba ikashinda kwa penalti 3 kwa 1, kipa Ally Salim akiwa shujaa wa siku. Wanafunzi waliokuwepo walikuwa wachache, wengi wakiwa wale waliobaki mjini kwa mafunzo kwa vitendo, lakini kelele zao zilitosha kwa banda lililojaa. Sisi wekundu tukadai vichala vitatu kwa kila aliyeandikisha. Upande wa pili ukasema mechi haikuwa na bao hata moja, na penalti ni bahati nasibu. Mama akafungua daftari, akasoma kwa sauti kilichoandikwa, akakuta neno ni "bao", akaamua: "Ngao ni ya Simba, zabibu ni za mwenye shamba." Hatukupata kitu. Nakiri kwamba uamuzi ulikuwa wa haki, ingawa nilikuwa nimeandikisha kwa vijana wawili.

Kipimo cha kweli cha mahali kama hapa ni namna panavyomtunza aliyefungwa, na kipimo hicho kilifika tarehe 5 Novemba 2023. Ilikuwa Jumapili, mechi ya Simba na Yanga ikaanza saa 11 jioni, na hadi mapumziko ilikuwa 1 kwa 1, kila upande ukiwa bado una sauti. Kipindi cha pili sihitaji kukisimulia kwa Mtanzania yeyote. Bao la tano la Yanga lilipoingia, mimi nilikuwa nikiangalia fundo la ubao wa benchi lililokuwa mbele yangu, na hadi leo ninaweza kulichora. Kijani walipanda juu ya mabenchi, na ni haki yao, kwa kuwa tangu 6 Mei 2012 walikuwa wakikumbushwa yale mabao matano kwa bila waliyofungwa na Simba. Mama aliwaacha washangilie kwa muda, nadhani dakika tano hivi, kisha akapunguza sauti ya runinga na kutuma sahani za mishikaki upande wetu kwanza, bila malipo, kabla hajapokea oda yoyote kutoka kwa washindi. Mwanafunzi mmoja wa Yanga alitaka kuja kutuhesabia vidole vitano usoni. Akaambiwa anyooshe vidole hivyo akiwa amekaa kwenye benchi lake, na akafanya hivyo kwa utiifu kabisa. Asubuhi iliyofuata nilirudi kulipa supu tano nilizoandikisha, na vijana niliowalipia walinipisha kitini wakaniamkia "shikamoo mzee" kwa pamoja, shikamoo tano, moja kwa kila bao.

Kuna sharti lingine ambalo mgeni hulishangaa: redio haziruhusiwi ndani, wala simu zenye matangazo ya mechi. Sababu ni kwamba picha ya king'amuzi huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya redio, na mtu mwenye kifaa sikioni huanza kushangilia bao wakati wenzake bado wanauona mpira katikati ya uwanja. Tarehe 19 Oktoba 2024, beki wa Simba alipojifunga katika dakika za mwisho na Yanga ikashinda 1 kwa 0, sisi tuliokuwa ndani tulilijua bao hilo kabla hatujaliona, kutokana na ukelele wa dereva wa bodaboda aliyekuwa nje na redio yake. Kuonyeshwa msiba ambao umekwisha kutangaziwa ni adhabu mara mbili. Tangu siku hiyo bodaboda huegeshwa mbali kidogo na mabanzi.

Kuhusu chakula nitasema machache, kwa kuwa si chakula kinachowapeleka watu pale. Supu ya mbuzi ya asubuhi ni nzuri na chapati zake ni laini. Mishikaki ni ya wastani, na usiku ukiwa na watu wengi huletwa ikiwa haijaiva katikati. Chipsi mayai nakushauri uziache. Jiko limewekwa upande ambao upepo wa jioni unatokea, na matokeo yake ni kwamba upande wa kijani hula moshi bila kuulipia. Nimeshawaeleza kwamba hiyo ni kazi ya Mungu tu, lakini kwa haki jiko linapaswa kuhamishwa.

Kasoro kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kwamba siku za watani kijana wa mlangoni hajui neno "pamejaa", na banda ambalo kwa makadirio yangu linafaa watu 80 hupokea zaidi ya hapo, njia ya kutokea ikizibwa na ndoo zilizogeuzwa viti. Katika jengo la mbao lenye jiko la mkaa pembeni, jambo hili si la kuchekewa. Ya pili ni umeme. Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, imewahi kukata mechi ikiwa imebakiza dakika 20, kwa sababu aliyetumwa kununua alisahau, na jenereta ikachukua muda kuwaka huku banda zima likimwimbia mhusika wimbo wa mazishi. Kiingilio hakikurudishwa, na nilipouliza niliambiwa kwamba bao nililolikosa lingekuwa la kufungwa hata hivyo. Jibu lilinichekesha, lakini Sh 1,000 ni Sh 1,000. Ajabu ni kwamba tarehe 8 Machi 2025, mechi ya watani ilipoahirishwa siku ile ile iliyopangwa kuchezwa, fedha zetu zilirudishwa zote bila kuulizwa.

Siku hiyo ya Machi pia ilinionyesha kwa nini simshauri mgeni aanze kwenda pale msimu ukiwa umekomaa. Mazungumzo yalikuwa ya kanuni, barua na vikao, watu wakabishana kama mawakili, na mechi yenyewe ilipochezwa tarehe 25 Juni na Yanga kushinda 2 kwa 0, benchi la wageni lilikuwa limejaa wekundu waliokuja kujificha. Utani ulikuwepo, lakini ulikuwa na meno.

Kwa hiyo nenda Agosti, au Septemba, au katika wiki zile ambazo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaripoti na bado hawajui watakaa karibu na nani. Fika saa 9 alasiri ikiwa mechi ni ya saa 11, kwa kuwa benchi la mbele la upande wa magharibi hupigwa na jua lote la Dodoma, na turubai la bluu lililotundikwa kulizuia huwafanya wachezaji wote waonekane kama wanachezea chini ya maji. Beba fedha ndogondogo. Na kama Jumatatu una kikao ofisini, mwombe kijana wa mlangoni akugonge muhuri juu ya kifundo cha mkono, mahali ambapo shati linafika, kwa sababu wino ule hautoki kwa sabuni kabla ya siku mbili, nami niliwahi kumkabidhi mkuu wangu wa idara faili kwa mkono wenye muhuri mwekundu, asubuhi ya siku ambayo yeye alikuwa na kila sababu ya kuutazama.