Waliufuta mstari wa bluu, sukari ikauzwa mara mbili

Sitaitaja programu hii kwa jina, maana hasira yangu iko kwa toleo moja na watu wachache wanaolisimamia. Wengi walioichangia wamefanya kazi ya maana bila malipo. Anayeitumia ataitambua: ni programu huria (yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha) ya kuuzia kwenye kaunta, hufunguka ndani ya kivinjari, na toleo jipya limekuja na picha za bidhaa, vitufe vyenye pembe za mviringo na rangi tulivu. Inapendeza kuitazama. Lakini kama duka lako lina skana, kuanzia Kibuye na Kondele hapa Kisumu hadi huko Ahero, usiiweke.

Kwa kompyuta, skana ya msimbopau (ile mistari myeusi kwenye pakiti) ni kibodi nyingine tu. Ukipitisha sabuni, inaandika tarakimu 13 (bidhaa nyingi za Kenya huanza na 616), kisha inabonyeza Enter yenyewe. Tarakimu hizo huenda popote panaposikiliza kibodi wakati huo. Katika toleo la zamani, kisanduku cha kutafutia ndicho kilichosikiliza, asubuhi mpaka jioni. Bidhaa za kupima zilikuwa na nambari fupi za kuandika, mkono haukutoka kwenye kibodi, na skrini ilikuwa mbaya kweli kweli. Lakini risiti ilikuwa sahihi.

Sasa sukari ya kupima inaguswa kwenye picha. Keshia akishaigusa, picha hiyo ndiyo inayosikiliza kibodi. Mteja anatoa sabuni, skana inalia kama kawaida, na tarakimu zote 13 zinapotea kwa sababu picha hiyo ni kitufe, na kitufe hakina pa kuziandika. Kisha Enter inafika. Enter juu ya kitufe ni sawa na kukigusa tena, basi kilo ya pili ya sukari inaingia kwenye risiti na sabuni haimo. Skana imelia, jumla imepanda, foleni inasukuma. Keshia atashuku nini?

Jioni mnapohesabu mali, sukari iliyo kwenye gunia ni nyingi kuliko ya kwenye rekodi, na sabuni ni pungufu. Mwenye duka akiona sabuni pungufu hamtafuti aliyechora vitufe. Anamgeukia keshia. Kijana wa watu anakatwa mshahara kwa sabuni aliyoiuza mbele ya macho ya kila mtu, na hana ushahidi, kwa kuwa risiti yenyewe inamkana. Hili ndilo linalonichoma, na ndiyo maana siwezi kuliita dosari ndogo.

Nilipofungua faili ya mitindo (CSS, inayopanga rangi na sura ya ukurasa) nililinganisha na ya zamani. Zamani palikuwa na kanuni moja: kitufe chochote kinachosikiliza kibodi kizungushiwe mstari wa bluu wa pikseli 3. Wapambaji wameifuta na kuweka `outline: none`, yaani pasiwe na mstari wowote. Kwa hiyo kwanza wamehamisha usikivu wa kibodi, halafu wamefuta alama pekee ambayo ingemwonyesha keshia kwamba umehama. Ni kama kung'oa indiketa za matatu kwa sababu haziendani na rangi ya bodi. Niliripoti, nikaeleza hatua zote. Jibu la mmoja wa wasimamizi lilikuwa kwamba mstari ule "unachafua ukurasa", na ripoti ikafungwa siku hiyo hiyo. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya kurasa za wavuti zitumiwe na kila mtu, umedai alama hiyo ionekane tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008, kipengele cha 2.4.7. Hatuombi upendeleo.

Yapo na mengine, ila hayo yanavumilika. Bei ya kila kimoja imeandikwa kwa kijivu #999999 juu ya nyeupe. Uwiano wa mwangaza kati ya rangi hizo mbili ni 2.85 kwa 1, na kwa mwongozo huo huo maandishi ya kawaida yanahitaji 4.5. Wakiiweka #767676 inafika 4.54 na bado ni kijivu, sura ya ukurasa haiharibiki. Dirisha la malipo nalo limepewa kimo cha pikseli 800, wakati laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini hapa zina skrini ya 1366 kwa 768, kwa hiyo kitufe cha kukamilisha malipo kinafichika chini. Punguza ukubwa wa ukurasa hadi asilimia 80, kitatokea.

Tiba ya sukari ni fupi. Tafuta kwenye msimbo wa programu ile kazi (function) inayoongeza bidhaa picha inapoguswa, na mwishoni mwake urudishe kishale kwenye kisanduku cha kutafutia kwa `.focus()`. Kama kinga ya pili, zuia tendo la kawaida la `mousedown` kwenye picha ili zisinyakue kibodi kabisa. Halafu, kwenye faili ya mitindo, rudisha mstari wa bluu kwa `:focus`, kanuni ya kitu chochote kinachosikiliza kibodi. Usitumie `:focus-visible` hapa: hiyo imeundwa kumsaidia anayetembea kwa kibodi, na kitufe kilichoguswa kwa kidole au kipanya kwa kawaida hakitaonyesha chochote, nasi tatizo letu linaanza hapo hapo kwenye kugusa. Wengine wanabadilisha skana imalizie kwa Tab badala ya Enter, kwa kupitisha msimbo ulio kwenye kijitabu chake. Sukari haitajirudia, ni kweli, lakini sabuni bado itapotea.

Na hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili. Ukishatia mistari hiyo michache, programu hii ni bora kuliko ile ya zamani. Keshia mpya anajua sukari iko wapi bila kukariri nambari. Jumla imeandikwa kubwa, mteja anaisoma kutoka upande wake. Malipo ya M-Pesa na ya pesa taslimu yana rangi mbili tofauti, na kuchanganya kumepungua sana. Blender 2.80 ya mwaka 2019, programu huria ya kuchora picha za 3D, ilijipamba upya namna hiyo hiyo, ikahamisha kuchagua vitu kwenye kitufe cha kushoto cha kipanya, lakini waliozoea cha kulia waliachiwa njia yao kwenye mipangilio. LibreOffice, programu huria ya ofisi, ina mwonekano wa vichupo na bado inakuachia menyu za zamani. Kumbe inawezekana.

Kwa hiyo ile "usiiweke" naiondoa. Iweke, kama una fundi wa kuyafanya haya na kuyarudia, kwa sababu kila sasisho linaandika juu ya faili zile na sukari inaanza upya. Mitindo unaweza kuihifadhi kwenye faili ya pembeni inayopakiwa mwisho. Ile kazi ya kuongeza bidhaa huna ujanja, ni kuihariri tena kila mara. Nimewatumia wasimamizi kiraka (faili ya marekebisho) chenye mabadiliko yote na hawajakigusa. Kama huna fundi, baki na toleo la zamani, ubaya wake hauli mshahara wa mtu.

Na yeyote akija kukuwekea, kabla hujampa hata shilingi, gusa picha ya sukari, pitisha sabuni kwenye skana, soma risiti. Ikiwa kuna sukari mbili, mwambie aitoe.