Pini Zilizopinda za Kupigia Bandi Kwilti: Gundi ya Kupuliza Ikae Pembeni Kwanza

Kamwene Iringa, kamwene Njombe, na nyie wa hapa Mbeya habari zenu. Sweta na mtandio juu yake msinishangae, ndiyo Juni yetu hii.

Swali ni lile lile kwenye maoni: "Dada, nimegeuza kwilti nyuma imejaa mikunjo, ni cherehani?" Cherehani haina kosa, kosa ni bandi. Una uso wa vipande juu, pamba katikati, bitana chini. Ukianza kushona, meno ya cherehani yanaivuta bitana, mguu unausukuma uso, na pamba inabaki haijui imfuate nani. Bandi ndiyo inayoyashika hayo matabaka matatu mpaka umalize, iwe ya pini, ya uzi au ya gundi ya kupuliza.

Sasa tazama hii. Sogeza kamera. Ni pini ya kufungia, ile ile ya nepi, wengine mnaita kikwasi. Ila angalia tumbo lake: limepinda. Saizi namba moja, milimita 27 hivi. Mengine mnayajua, pini ni pini. Mimi nimeipendea hilo tumbo tu, subirini mwone.

Hapa nina kipande cha mfano, sentimita 50 kwa 50, kwenye sakafu ya saruji. Bitana nimeibandika kwa tepu ya karatasi, upande wa ndani ukiangalia juu. Naanza na pini iliyonyooka. Inapita uso, inapita pamba, inapita bitana, imegonga saruji. Itarudije juu? Hairudi. Inabidi nikinyanyue kitambaa kwa vidole hivi, niisukume... haya, imetoka. Nafunga. Sasa nabandua tepu, nageuza. Mnauona huo mkunjo? Nimeufungia humo humo na pini. Na kule juu uso umetulia kabisa, wala huwezi kushuku. Utaukuta mkunjo siku umeshamaliza kushona, na hapo dawa ni kufumua.

Nabandika tena. Iliyopinda. Siichomi wima, naiingiza kwa kuilaza. Inagusa saruji, sikilizeni... "kwaa", hapo. Nikiendelea kusukuma, upinde wenyewe unaigeuza ncha, na ile pale inachungulia, sentimita moja na nusu mbele. Mkono wangu wa kushoto uko wapi? Umetulia tu. Sijanyanyua kitu. Nageuza... bitana imelala vile vile. Narudia, maana kuna mtu ataandika kwamba nimebahatisha. Inazama, inagusa, inageuka, imetoka. Yaani naweza kukaa hapa mpaka magharibi nikichomeka tu.

Lakini usifunge! Chomeka zote zikiwa wazi, kuanzia katikati ukienda pembeni, ndipo urudi kuzifunga. Na usizifunge kwa kidole gumba, ukifika ya mia kidole kinawaka moto. Chukua kijiko cha chai. Ukingo wa kijiko uingie chini ya ncha, unyanyue, mkono wa pili ulete kichwa cha pini kwenye ncha. Tak. Siku ya kuzitoa, zihifadhi zikiwa wazi kwenye kopo, umeokoa kazi ya kwilti inayofuata.

Nafasi kati ya pini na pini ni sentimita 10. Huna rula? Weka ngumi: popote itakapotua juu ya kwilti iguse pini. Pamba ya poliesta iliyofura, ile inayoteleza, punguza iwe 8. Na usichomeke pale mstari wa kushona utakapopita, kaa mbali kidogo. Sindano ikigonga pini inavunjika, na kwa bahati mbaya zaidi inavuruga mpangilio wa cherehani, ianze kuruka mishono.

Tepu nayo ina mtego wake. Bandika katikati ya kila upande kwanza, halafu nenda kwenye kona. Bitana inyooke, basi, usiivute kama ngozi ya ngoma. Ukiivuta sana, ukibandua tepu inarudi ilikotoka na kuukunja uso. Na ikatwe kubwa kuliko uso, sentimita 10 kila upande. Kwilti ya 150 kwa 200 inataka bitana ya 170 kwa 220. Kitenge kina upana wa sentimita 115 hivi, kwa hiyo lazima uunge. Ukiunga vipande viwili vya sentimita 220 kwa kimo unatumia mita 4.4. Ukivilaza viwili vya sentimita 170 kimoja juu ya kingine, unatumia 3.4 tu. Mita nzima imebaki.

Bei sasa, maana najua mnaisubiri. Sitaji namba, leo nikitaja moja Mwanjelwa, kesho Mafinga wananiita mwongo. Piga hesabu hivi: kwilti hiyo ya 150 kwa 200 inakula pini kama 300. Pakiti za 50, ni sita. Inauma siku ya kwanza, sikatai. Ila kopo la gundi likiisha limeisha, pini ziko pale pale. Kabla hujalipa, pini ipitishie sumaku: ikidakwa mara moja ni chuma, na chuma kwa unyevu wa Tukuyu kitaacha doa la kutu kwenye kitenge. Nikel juu ya shaba nyeupe ndiyo uitafute. Hata hiyo usiiache kwenye kitambaa miezi.

Nimegusa gundi, basi niimalize, kwa sababu inanikera. Kwa baridi hii kopo la kupuliza linapoteza nguvu, gesi ya ndani inalegea. Badala ya ukungu linatema matone, na tone likikauka kwenye kitenge chembamba linaonekana kama mafuta. Na mtu akiona halitoki anakimbilia kulipasha kwenye jiko la mkaa. Jamani! Hiyo gesi inawaka. Hata bila kulipasha, usipulizie kwenye chumba chenye jiko limewashwa, na jioni za huku ni nyumba gani haina jiko ndani? Lilaze usiku kwenye chumba chenye joto kisicho na jiko, puliza mchana, madirisha wazi, kwa umbali wa sentimita 25 hivi, na upulizie pamba, siyo kitambaa. Ukizidisha, sindano inanata. Sakafu nayo inanata, utaacha soksi hapo.

Haya, nisiwe mkorofi. Kwa foronya au kitambaa cha meza cha sentimita 60, gundi inazishinda hata pini zangu, dakika tano umemaliza. Na anayeshona kwa mkono kwenye fremu ya duara aachane na vyote viwili, pini zinazuia fremu. Apige bandi ya uzi: uzi mweupe wa pamba, maana wa rangi unaweza kuchuja, mishono ya sentimita 4, mistari ikiachana 10, kuanzia katikati. Ile bunduki ya plastiki inayochomeka lebo za bei dukani? Inakwenda haraka, ila sindano yake inaacha tundu ambalo kitenge hakilisahau.

Wenye cherehani ya Butterfly nyeusi mnaoniuliza kama bandi ya pini inatosha bila ule mguu maalumu wa kutembea, unaosogeza uso pamoja na bitana: inatosha kwa pamba nyembamba, ukilegeza skrubu ya juu inayokandamiza mguu na kurefusha mshono ufike milimita 3. Toa pini moja moja mguu unapoikaribia, usisubiri ipande juu yake.

Tangazo dogo: video sasa ni Jumamosi asubuhi, siyo Ijumaa, umeme wa jioni unanichezea. Inayofuata ni kuchora mistari kwa sabuni kipande, ile nyembamba iliyobaki bafuni, msiitupe. Kama hujajiunga bonyeza hapo chini. Ndaga fijo. Mimi nina 25 hapa bado ziko wazi, kijiko nimekiweka wapi...