Uzoefu wangu na East African Airways: safari 27 kwenye daftari moja

Nina daftari dogo la bluu la kurasa 48. Ndani yake nimeandika safari zangu zote za ndege kuanzia Machi 1972 hadi Septemba 1976: tarehe, nilikotoka, nilikokwenda, aina ya ndege, na herufi za usajili zilizochorwa ubavuni mwake. Safari ni 27. Zote nilisafiri na shirika moja, East African Airways, ambalo nikiwatajia wajukuu wanadhani nimechanganya jina la Kenya Airways. Huduma hii haiuzwi tena popote, lakini mimi niliitumia kwa miaka minne na ushee, na wenzangu tulioitumia tunapungua. Basi naandika ilivyokuwa.

Nilikuwa karani wa hati mkato katika ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kona ya meza ya mkutano na kuandika kila linalosemwa, kisha kukesha nikipiga taipu ili wakubwa wakiamka wakute kumbukumbu tayari. Tulisafiri sana kwa sababu mkataba wa 1967 ulioiunda Jumuiya uliyagawa makao ya mashirika yake makusudi: posta na simu Kampala, bandari Dar es Salaam, reli na ndege Nairobi. Nairobi tulikwenda kwa gari la ofisi kupitia Namanga. Dar es Salaam na Entebbe tulipanda ndege.

Herufi za ubavuni nilifundishwa kuzitazama na mwenzangu wa masjala, mtu wa Bukoba. Ndege za shirika zilikuwa zimesajiliwa katika nchi zote tatu: zilizoanza na 5H zilikuwa za Tanzania, 5X za Uganda, 5Y za Kenya. Tukiwa tunatembea juani kuelekea kwenye ngazi, yeye alikuwa akiuliza, "Leo tunapanda ya nani?" Kila mtu alikisia kabla hatujafika karibu na kuzisoma. Aliyekosea alinunua soda Entebbe. Ukishaingia ndani, swali lilikuwa limekwisha. Ndege ya 5X ingeweza kuwa na rubani wa Kenya na dada wa Tanga akigawa chai, na tiketi yako ilikuwa na jina lilelile. Sikuwahi kumsikia abiria akikataa kupanda kwa sababu ndege ni ya wale.

Safari ya kwanza kwenye daftari ni ya DC-9 kutoka Kilimanjaro kwenda Dar es Salaam. Uwanja wa Kilimanjaro ulikuwa mpya, umefunguliwa 1971, na rangi ilikuwa bado inanukia. Shirika lilikuwa na DC-9 tatu, za injini mbili mkiani. Basi la Arusha hadi Dar lilinichukua siku nzima na vumbi lake. DC-9 ilinifikisha kabla sijamaliza kusoma gazeti. Nilivaa gauni niliyoshona kwa ajili ya siku ile. Mhudumu aliponiona nimeushika mkanda nisijue nianzie wapi, aliinama akanifungia kimyakimya, asinitie aibu mbele ya wakubwa zangu. "Dada, utakunywa chai au kahawa?" Kwa Kiswahili. Ofisini siku nzima ilikuwa Kiingereza, na hapa, futi maelfu juu ya nchi, nahudumiwa kwa lugha ya nyumbani.

Hata hivyo DC-9 haikuwa kipenzi changu. Kipenzi changu ilikuwa Fokker Friendship, F27, ya propela mbili. Bawa lake liko juu ya madirisha, halikuzibii kitu, na madirisha yenyewe yalikuwa makubwa ya umbo la yai. Injini zake za Rolls-Royce Dart zilikuwa na mlio mwembamba kama filimbi. Mtu aliyewahi kuusikia hausahau. Kutoka Nairobi kwenda Entebbe nilikuwa nikiomba kiti cha dirishani upande wa kushoto, nione Bonde la Ufa likishuka ghafla chini yetu kama mtu aliyevuta zulia. Entebbe yenyewe unatua ukiwa umezungukwa na Ziwa Victoria. Unatazama nje, maji. Unatazama tena, maji. Halafu magurudumu yanagusa lami. Safari ya kwanza nilishika mkono wa mama mmoja wa Jinja niliyekaa naye, akacheka, akaniambia hata yeye bado anafumba macho hapo. Tulikula naye karanga zake njia nzima.

Baba yangu mdogo, aliyekuwa mwandishi kwenye shamba la mkonge Tanga, alinisimulia alivyoziona ndege za mwanzo za shirika hili. Lilianzishwa Januari 1, 1946 na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Kenya ikiwa na fungu kubwa kuliko wote. Lilianza na Dragon Rapide sita, ndege za mabawa mawili yaliyopandana, za mbao na turubai. Mzee alisema zilivuma kama nyuki kwenye debe. Zikaja DC-3, na 1957 shirika likaanza kwenda London kwa ndege za Argonaut. Mwaka 1960 lilipata Comet 4, za jeti. Ndani ya miaka 14 limetoka kwenye turubai hadi kwenye jeti, na nchi zetu zilikuwa bado hazijapata hata uhuru.

Kuhusu usalama siwezi kupita kimya. Aprili 18, 1972, daftari langu likiwa na safari mbili tu, Super VC10 ya shirika, ndege yake kubwa ya jeti ya safari ndefu, 5X-UVA, ilikuwa ikiondoka Addis Ababa kuelekea Roma na London. Ikiwa mbioni kuruka, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichoachwa kwenye lami na ndege nyingine ndogo, tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimamisha. Breki hazikuwa na nguvu zote. Uchunguzi ulikuta sehemu yake ilikuwa imefungwa vibaya. Ndege ilipita mwisho wa lami, ikaanguka na kuwaka moto. Walikuwamo watu 107, wakafariki 43. Arusha tulisimama ukumbini tukisikiliza redio, wanaume wakubwa wakiwa na machozi. Mama aliniandikia barua kutoka Tanga nisipande tena. Nilipanda Juni, na mikono ilitoka jasho hadi Dar es Salaam. Kwangu huo ndio ukweli wa huduma hii pamoja na uzuri wake, na waliopoteza watu wao siku ile nisingependa wasome sifa zangu wakadhani nimewasahau.

Mei 1974 ofisi ilinipeleka Uingereza kwa mafunzo ya miezi mitatu. Hapo ndipo nilipanda Super VC10. Injini nne za Conway, zote nyuma, mbili kila upande wa mkia, na mkia wenyewe mrefu ukiwa na bawa dogo juu kama herufi T. VC10 ilitengenezwa mahususi kwa viwanja vya joto vilivyo juu, kama Nairobi iliyo karibu mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi huzipunguzia ndege nyingine nguvu. Ilipoondoka Embakasi, uwanja wa Nairobi, nilihisi mgongo umegandishwa kwenye kiti. Kisha kimya. Kwa kuwa injini ziko nyuma, sisi tuliokaa mbele tulisikia upepo tu na watu wakiongea. Mtoto mchanga alilia tangu tulipopaa, na mhudumu, Mganda mrefu mwenye sauti nzito, alimbeba akatembea naye huku na huko mpaka akalala, mama yake akapata kula. Nimesafiri na mashirika mengi tangu siku ile, ya kutoka Ghuba na Ulaya, yenye televisheni kwenye kila kiti. Yule mhudumu bado sijampata mwingine wa kumfananisha naye.

Tulisimama Roma, asubuhi tukawa London. Kwenye lami ya London, kati ya ndege za mataifa makubwa, ilisimama yetu ikiwa na maneno East African ubavuni. Nilikuwa na miaka 23. Niligeuka kuitazama mpaka mtu wa nyuma yangu akaniomba nisogee.

Nauli siwezi kuisemea sana, ofisi ndiyo iliyolipa. Usafiri wa ndege wakati ule ulikuwa wa watu wa serikali, wafanyabiashara na watalii. Mama yangu hakuwahi kupanda ndege mpaka anafariki.

Watu hudhani shirika lilikufa kwa huduma mbovu. Mimi nilikaa kwenye kona za meza zile na najua tatizo lilianzia wapi. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais Obote wa Uganda, na Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye. Kwa mkataba, wakuu watatu wa nchi ndio waliokuwa mamlaka ya juu ya Jumuiya, na hawakukutana tena. Masuala yaliyohitaji neno lao yalikuwa yanarudi kwenye ajenda mkutano baada ya mkutano, na mimi nikiyapiga taipu kwa maneno yaleyale, nikibadilisha tarehe. Tanzania na Uganda zililalamika kwamba karakana na ajira zimelundikana Nairobi. Kenya ililalamika kwamba inabeba mzigo wa madeni. Fedha za tiketi zilikusanywa katika kila nchi na zilitakiwa zifike makao makuu, lakini kila serikali ilikuwa na udhibiti wake wa fedha za kigeni, na fedha zikakwama njiani. Ndege zinajaa abiria, shirika halina cha kulipia mafuta na vipuri. Inauma kuandika hivi, maana kila mmoja pale mezani alikuwa anajua.

Mwisho wa Januari 1977 ndege zikasimama. Kenya Airways ilikuwa imekwisha kuundwa, ikaanza kuruka Februari 4 kwa Boeing 707 mbili za kukodi. Siku hizohizo Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Machi ikaundwa Air Tanzania. Uganda nayo ikawa na Uganda Airlines yake. Lile swali la mwenzangu wa Bukoba, leo tunapanda ya nani, sasa lilikuwa na majibu matatu, na hakuna aliyecheka.

Nilikuwa na rafiki Nairobi, Mkamba, mkata tiketi wa shirika. Kila nilipopita nililala kwake South B, na safari ya mwisho niliacha kwake kitenge na viatu vyangu vya mkutano, kwa sababu nilijua narudi baada ya wiki tatu. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Tulikutana Namanga mwaka uliofuata, mimi nikiwa na watoto wawili asiowajua na yeye akiwa na mmoja. Alikuja na kitenge changu kimekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Viatu alikuwa amevivaa mpaka vikaisha, akaniomba radhi, tukalia na kucheka palepale kwenye foleni ya forodha.

Super VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza. Jeshi la anga la huko lilizichukua, likazifanya ndege za kujaza mafuta ndege nyingine angani, na zikafanya kazi hiyo miaka mingi. 5H-MMT ndiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani, Septemba 25, 2013. Zilitengenezwa 54 kwa jumla, na ya mwisho kutoka kiwandani ilikuwa nayo ya East African: 5H-MOG. Ilitua Dunsfold, kusini mwa London, siku moja kabla ya hiyo nyingine, ikahifadhiwa huko.

Mwanangu wa pili anaishi upande huo wa Uingereza. Alinitumia picha ya ndege hiyo kwa simu, imepakwa kijivu yote, maneno yetu hayapo, namba ya jeshi ubavuni. Aliniuliza kama ninaifahamu. Nikamwambia asubiri, nikaenda kabatini nikatoa daftari, nikafungua ukurasa wa Mei 1974, nikampigia picha mstari mmoja: Nairobi–Roma–London, Super VC10, 5H-MOG, kiti cha dirishani.