Diski nne za Penny Marshall: mwigizaji aliyeongoza kwa subira

Mimi ni mwigizaji wa jukwaani, na mwaka huu kikundi chetu kimenikabidhi kuongoza mchezo kwa mara ya kwanza. Usingizi ulinipaa. Mwenzangu aliyenitangulia kwenye kazi hii akaniambia, "Dada, tafuta waliotoka kuigiza wakaenda kuongoza, uone walibeba nini." Ndipo nikanunua DVD nne zilizokwisha kutumika, zote za filamu alizoziongoza Penny Marshall: Big, Awakenings, A League of Their Own na The Preacher's Wife. Nimekaa nazo wiki tatu.

Wamarekani walimjua kwanza kwa sura. Kuanzia 1976 hadi 1983 alikuwa Laverne katika Laverne & Shirley, kipindi cha vichekesho kuhusu wasichana wawili wa kiwanda cha bia mjini Milwaukee, na nguo zake zilikuwa na herufi L kubwa kifuani. Kaka yake, Garry Marshall, alikuwa mmoja wa waliokibuni. Kilirekodiwa mbele ya watu walioketi studio, na sehemu chache aliziongoza mwenyewe. Naamini shule yake ilikuwa hapo. Ukiigiza mbele ya watu wanaocheka papo hapo unajifunza kusubiri. Kicheko kikipanda, hurukii maneno yanayofuata. Unakiacha kishuke, na wakati huo uso wako unaendelea kufanya kazi.

Subira hiyo imejaa kwenye Big ya mwaka 1988. Mvulana wa miaka 12 anaomba awe mkubwa, anaamka na mwili wa Tom Hanks. Wengi hukumbuka kinanda cha sakafuni katika FAO Schwarz, duka la vitu vya kuchezea watoto, na mimi nimelirudia onyesho hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hanks na Robert Loggia, anayecheza bosi wake, wanapiga kinanda kwa miguu, na kamera inarudi nyuma ili tuwaone wazima, utosini hadi soli. Hakuna kukatakata picha ili kuficha kosa. Unaona nyuso zao zikitazama chini kutafuta kitufe kinachofuata, kisha hofu inageuka furaha, mzee na kijana wakiwa sawa kabisa. Mwongozaji asiyeamini waigizaji wake angetuonyesha viatu tu.

Ila lililonigusa zaidi ni lile la usiku wa kwanza, chumba cha hoteli duni, Hanks amejikunja kitandani analia. Ni mwanamume mzima, lakini kilio ni cha mtoto anayemtaka mama yake. Wakati wa maandalizi, Marshall alimwambia David Moscow, yule mvulana, aigize maonyesho ya Hanks, ili Hanks amtazame na kuchukua mwendo wake. Wazo kama hilo hulipata mtu aliyewahi kusimama mbele ya kamera akihangaika aiweke wapi mikono yake. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 100 nchini Marekani, ya kwanza iliyoongozwa na mwanamke kufika hapo.

Awakenings, 1990, inatupeleka kwenye hospitali ya Bronx, mtaa aliokulia. Robert De Niro ni mgonjwa aliyeganda kwa miaka, Robin Williams ni daktari wake. Tazama miwani inapoanguka na mkono wa mgonjwa wa kike asiyesogea kamwe unapoidaka. Iliteuliwa kwa Oscar ya filamu bora, na De Niro akateuliwa pia, lakini jina la mwongozaji halikuwemo. Hilo linaniuma mpaka leo. Diski yangu ilikuwa na mkwaruzo, ikakwama katikati, na muuzaji akakataa kunibadilishia. Nikaitafuta nyingine, na sijutii.

A League of Their Own, 1992, inahusu ligi ya besiboli ya wanawake iliyoanzishwa 1943. Waigizaji walilazimika kujua kucheza kweli, na lile jeraha kubwa la kuchubuka pajani mwa mchezaji mmoja si la rangi. Hanks, sasa kocha mlevi, anamfokea mchezaji hadi midomo ya yule dada inatetemeka. Baadaye mchezaji huyo anarudia kosa lilelile. Kocha anataka kufoka, anajizuia, na mwili wote unatikisika kwa hasira iliyofungiwa ndani. Marshall haukatizi ule mtetemeko. Anauacha hadi uishe.

The Preacher's Wife, 1996, ndiyo ninayoipa alama ndogo. Sauti ya Whitney Houston inajaza kanisa na Denzel Washington anapendeza, lakini hadithi inajikokota. Kama una fedha za diski tatu tu, iache hii.

Hakuna hata moja kati ya nilizopata yenye manukuu ya Kiswahili, kwa hiyo nilizitafsiri kwa mdomo kikundi kilipokuja kutazama. Anza na Big. Jumamosi, kwenye mazoezi ya mchezo wetu, niliiga mbinu yake: nilimwomba binti anayeigiza mjukuu aseme maneno yote ya bibi, na mwenzake anayeigiza bibi akakaa chini akimtazama. Alipoinuka kucheza nafasi yake, alikuwa ameacha kuinamisha mgongo. Uzee ulikuwa umehamia kwenye macho.